Ultraman wa ndani ya kartoni

Ndugu wanafunzi, mwenzetu mmoja anataka kutoa pesa ya minerval anunue sanamu ya Ultraman. Anasema: iko mupya, haiyatoka mu kartoni, bei itapanda.

Mimi nakataa. Ultraman alianza kuonekana kwa televisheni ya Japani mwaka 1966. Taa ya kifua ikiwaka-waka nyekundu, nguvu zake zinaisha. Ana dakika kama tatu tu za kupigana. Na sisi tumufunge mu kartoni miaka yote?

Sanamu inapimwa kwa viungo: mikono inageuka? Inasimama yenyewe? Usipoifungua, utajua namna gani? Mutoto wa Katuba anakunja waya, anatengeneza motokari. Ikivunjika, anaitengeneza tena.

Ndugu, lipa masomo kwanza. Sanamu itangoja, mtihani haungoji.