Andika Mama

BARAZANI KAMPALA
Na Agnes Nekesa

Jumanne iliyopita nilimsindikiza Mama kwenye ofisi moja hapa mjini. Alikuwa na bahasha ya kaki mkononi na mvulana wa miaka tisa ubavuni. Kijana aliyekaa dirishani akaipokea fomu, akashuka nayo mstari kwa mstari mpaka pale panapoulizwa uhusiano na mtoto. "Jjajja, wewe ni nani wake?"

"Andika mama."

Kijana akainua macho. Akaziona mvi za Mama, akamwona mtoto, akaniona na mimi. "Umemzaa?"

"Namlea."

"Basi siwezi kuandika mama, nnyabo." Hakusema kwa ubaya. Aliiweka kalamu chini taratibu, akatueleza vinavyotakiwa: barua ya mwenyekiti wa mtaa, cheti cha kifo cha mzazi, na kama mzazi yu hai, ridhaa yake kwa maandishi. Baba wa mvulana huyu alikuwa mchukuzi wa mizigo Owino. Asubuhi moja alimwacha mwanawe kwenye meza ya Mama, akasema anapeleka gunia stendi mara moja. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu aondoke. Hiyo ridhaa tumwombe nani?

Nimeandika safu hii kwa miaka kadhaa na sijawahi kumweka Mama ndani yake. Leo namweka, kwa sababu maneno yale mawili, "andika mama", nilishawahi kuyasikia. Ilikuwa mwaka 1997, nami nikiwa nimesimama ubavuni mwake vilevile.

Mama aliyenizaa alitoka upande wa Busia. Alikuwa na meza Owino, soko ambalo kwenye karatasi linaitwa Mtakatifu Balikuddembe, kando ya mfereji wa Nakivubo. Aliuza blauzi. Meza ya pili, iliyogusana kabisa na ya kwake, ilikuwa ya mwanamke Mganda aliyeuza nguo za watoto. Anayelijua soko lile anaelewa ujirani wa meza ni kitu gani. Mwenzako ndiye anayekushikia mauzo ukienda msalani, ndiye anayekuazima chenji, na mvua ikinyesha ghafla ndiye anayevuta upande wa pili wa turubai. Mama yangu alipoanza kukonda kwa ugonjwa ule ambao siku zile Kampala nzima iliuita siliimu, jirani yake aliuza blauzi zake pamoja na nguo zake mwenyewe, na jioni alimpelekea fedha kitandani, zimefungwa kwenye kitambaa, kila shilingi. Mama aliyenizaa alifariki mwaka 1995. Nilikuwa na miaka sita.

Ndugu walikuja mazishini. Siwalaumu. Kila mmoja alikuwa ameshabeba watoto wa marehemu wawili au watatu. Katika miaka ile Uganda ilikuwa na yatima zaidi ya milioni moja, na hakuna ukoo uliokuwa na mkeka wa ziada. Siku ya tatu, jirani wa meza alinishika mkono tukaenda chumbani kwake Kisenyi, ambako watoto wake wanne walikuwa wamelala msalaba juu ya godoro moja. Akamwambia mkubwa, "Sogea, dada yenu amefika." Huo ndio uliokuwa utambulisho wangu wote.

Januari 1997 serikali ilianza mpango wa elimu ya msingi bila ada. Vijana wa leo huenda hawakumbuki kwamba mwanzoni mpango ule ulihesabu watoto wanne tu kwa kila familia. Mama alikuwa na wanne wake, mimi wa tano. Tukapanga foleni tangu alfajiri. Mwalimu aliyeandikisha alipofika kwangu akauliza maswali, akaelewa, akasema kwa huruma ya kweli, "Huyu tumweke upande wa mayatima, nnyabo, atasoma bure na wako wanne wote watasoma."

Kwa Kiganda yatima ni *mulekwa*, aliyeachwa. Mama alilisikia neno lile likitamkwa mbele ya foleni nzima, mbele yangu, mbele ya watoto ambao ningekaa nao dawati moja kwa miaka saba. Akasema, "Huyu hakuachwa. Andika mama yake ni mimi." Akaniweka katika wale wanne. Kaka yetu mkubwa, aliyekuwa darasa la sita, akamlipia kwa fedha ya mivumba, yaani mitumba.

Nimelifikiria jambo lile tangu nilipopata akili. Kwa hesabu ya fedha lilikuwa hasara tupu, kwa kuwa lilimgharimu mihula sita. Kaka alibeba marobota kila Jumamosi kusaidia kulipa, na tulipokuwa watu wazima aliniambia kwamba mwaka mzima ule alikuwa na kinyongo na mimi. Nilimwelewa. Lakini niliingia darasa la kwanza nikiwa mtoto wa fulani. Walimu walipoita mayatima wasimame wapewe madaftari ya msaada, sikusimama. Waliosimama niliwaona wakirudi kukaa, namna walivyokumbatia yale madaftari wakiwa wameinamisha nyuso, na mpaka leo naamini kwamba shule inayotoa msaada kwa kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake inampokonya zaidi ya ilichompa.

Kusoma kwenyewe nilijifunzia sokoni. Robota likikatwa kamba, nguo zinafumuka kama mkate, na watu wanasukumana kuwahi zile safi. Zile zilizobaki ndizo zilizokuwa somo langu. Mama alinikalisha juu ya gunia nisome lebo shingoni: nchi ilikoshonwa, pamba kiasi gani, ifuliwe kwa maji gani. Ureno, Uturuki, Bangladesh, nilizijua kwa shingo za fulana kabla sijaziona kwenye ramani. "Soma kwa sauti, mwanangu, wateja wasikie." Yeye aliacha shule darasa la nne na Kiingereza hakukijua, hivyo hakuweza kunisahihisha. Akipita mteja mwenye miwani au mwenye gazeti kwapani, alimsimamisha: "Ssebo, msikilize huyu wangu, niambie kama amepatia." Wengi walisimama. Mmoja alikosoa matamshi yangu ya neno moja, na Mama akanirudisha kwenye lebo ileile mpaka likatoka sawasawa, kisha akamuuzia yule bwana kaptula mbili za wanawe.

Huyu wangu. Sikumbuki siku aliyonisifu tukiwa wawili tu. Sifa zake zote alizitoa hadharani, sokoni, ambako kila mtu alijua nilikuwa mtoto wa nani kabla. Mzazi wa kuzaa anaweza kumtia moyo mwanawe faraghani ikatosha, maana ulimwengu haujapata kuuliza kama mtoto ni wake. Mtoto wa kulelewa huulizwa na kila jirani, kila mwalimu, kila fomu. Anahitaji mtu wa kujibu kwa sauti.

Tena alinilindia Kiswahili. Kampala ya miaka ile ilikiona kwa jicho baya. Kilikuwa lugha ya askari wa Amin, lugha ya waliogonga mlango usiku. Wanawake wenzake walimuuliza kwa nini anaongea na mtoto lugha ya bunduki. "Ni lugha ya mama yake," akawajibu, na akaendelea kuongea nami kwa Kiswahili chake cha sokoni, "mtoto yangu, kitabu yako iko wapi", ili sauti ile isinipotee. Jina langu la Nekesa hakuligusa, ingawa ingekuwa rahisi kunipa jina la ukoo wake. Julai 2022 baraza la mawaziri lilipokubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Uganda, nilimpigia simu kumpa habari. Akauliza kama sasa nitalipwa zaidi.

Wapo wasomaji wanaomfahamu Peter Mutabazi. Alitoroka nyumbani kwao kusini-magharibi, karibu na mpaka wa Rwanda, akiwa na miaka kumi, akimkimbia baba mkali, akapanda basi hadi Kampala na kuishi mitaani miaka kadhaa kwa kubeba watu mizigo na kuiba chakula. Siku moja sokoni alimsogelea mwanamume aliyekuja kununua vyakula, akinuia kumwibia, na yule mtu akamuuliza: jina lako nani? Mutabazi ameeleza mara nyingi kwamba tangu afike mjini hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Waliokuwa wakimwita, walimwita takataka. Mtu yule alimlisha kila alipokuja sokoni, kwa muda mrefu, kisha akampeleka shule na kumwingiza katika familia yake. Leo Mutabazi anaishi Charlotte, North Carolina, na kama baba mlezi amepokea nyumbani kwake watoto zaidi ya 40. Mwaka 2019 alimwasili rasmi kijana wa miaka 13 aliyekuwa ameachwa hospitalini na watu waliokuwa wamemwasili awali. Kitabu chake cha 2022 kinaitwa *Now I Am Known*, na jina hilo linarudi palepale sokoni, kwenye lile swali.

Namtaja kwa sababu Marekani anafanya kazi hii akiwa na mfumo nyuma yake. Afisa anamletea mtoto mlangoni na faili lake, na serikali inachangia gharama. Mama yangu na wanawake wa meza za Owino wanafanya kazi ileile bila kipande cha karatasi. Si kwamba Uganda haina sheria. Tunayo Sheria ya Watoto, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016. Tunao mwongozo wa malezi mbadala wa mwaka 2012, unaosema wazi kwamba mtoto aliyekosa wazazi atafutiwe familia kwanza, na kituo kiwe kimbilio la mwisho. Na kila baraza la kijiji lina makamu mwenyekiti ambaye ndiye katibu wa masuala ya watoto. Nauliza: ni makamu mwenyekiti gani ameshuka Owino na daftari, akapita meza kwa meza, akauliza nani anamlea mtoto wa nani? Angejaza daftari kabla ya saa sita mchana.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Afisa ustawi akae sokoni siku moja kwa wiki. Mwanamke anayejulikana na majirani wa meza zote nne zinazomzunguka aandikwe kuwa mlezi kwa ushahidi wao. Serikali imfuatilie, ndiyo, imfuatilie kwelikweli, maana wapo wanaochukua watoto wakawafanya watumwa wa kufua na kuchuuza, na nimewaona palepale sokoni. Lakini kumfuatilia mlezi ni lazima kwanza umjue. Leo mlezi mwema na mtesaji wako sawa machoni pa serikali: wote hawapo.

Nilikumbuka haya Agosti 2023 Rais aliposema mivumba ipigwe marufuku. Mjadala ulihusu viwanda vya nguo na heshima ya Mwafrika, na hoja hizo zina uzito. Sikusikia mtu akihesabu watoto wa kulelewa wanaokula kupitia meza zile. Mimi ni mmoja wa waliokula.

Na jina la soko lile si la bure. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa msimamizi wa wavulana katika kasri la Kabaka Mwanga, watoto wa watu waliotumwa ikulu kutumika. Aliwakinga dhidi ya mfalme mwenyewe, akamkemea mfalme kwa kuuawa kwa Askofu Hannington, na tarehe 15 Novemba 1885 akauawa hapo Nakivubo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, analinda wana wa wenzake.

Usiku mmoja wa Februari 2009 soko hilo liliteketea. Nilikuwa nimeanza kidato cha sita. Kulipopambazuka nilimkuta Mama amesimama mahali palipokuwa na meza yake, majivu yamemfika vifundoni, moshi bado unatoka kwenye marobota ya jirani. Robota jipya alikuwa amelikopea siku mbili kabla. Nilianza kulia, nikamwambia nitaacha shule nije tuanze upya pamoja. Akanigeukia. "Vitabu vyako viko wapi?"

"Nyumbani, Mama."

"Basi cha kwako hakijaungua. Nenda, utachelewa."

Nikaenda. Nilifika somo la pili nikinuka moshi. Alianza tena na lundo la soksi, juu ya gunia, chini.

Yule mvulana wa Jumanne sasa ndiye anayekaa juu ya gunia. Jumamosi nilipopita alikuwa na koti la mtoto mkononi, anapambana na neno refu kwenye lebo, na Mama amemshika mkono mwanamke aliyekuwa anapita na mkoba wa ofisini. Barua ya mwenyekiti wa mtaa tumeipata. Vile viwili vingine hatuna na hatutavipata. Mama anasema turudi hivyohivyo, kijana yule dirishani alikuwa na uso mzuri. Tunarudi kesho asubuhi, na ameniagiza nimnunulie mtoto viatu kabla hatujaingia.