Seli za mnyama kuotesha mfupa: Hatari ipimwe kwanza

MGONJWA anapopoteza sehemu ya mfupa kwa ajali, saratani au maambukizi, aghalabu daktari humchonga kipande cha mfupa wa nyonga na kukipandikiza penye pengo. Njia hiyo hufaa, lakini mfupa wa kuchongwa ni haba, na jeraha la pili huja na maumivu yake.

Ndiyo sababu watafiti wamezigeukia seli shina, hasa zile za uboho zinazoweza kugeuka kuwa mfupa. Swali ni iwapo seli hizo zaweza kutolewa kwa mnyama kama vile nguruwe.

Kuazima mfupa wa mnyama si jambo geni. Mnamo 1668, daktari Mholanzi Job van Meekeren aliandika kuhusu fuvu la mtu lililozibwa kwa kipande cha fuvu la mbwa. Hata leo, madaktari wa meno hujazia taya kwa chembechembe za mfupa wa ng'ombe. Hata hivyo, mfupa huo huwa umeondolewa seli zote. Kinachobaki ni madini, nazo seli za mgonjwa mwenyewe hujenga mfupa mpya juu yake.

Seli hai ni suala tofauti. Seli za nguruwe zina sukari ambayo binadamu hana, na kingamwili huishambulia. Ni kweli kwamba nguruwe waweza kubadilishwa jeni ili sukari hiyo iondoke, na kwamba seli shina zina uwezo fulani wa kutuliza kinga ya mwili. Lakini mnamo 1997, watafiti nchini Uingereza walionyesha kuwa virusi vilivyomo katika jeni za nguruwe vinaweza kuambukiza seli za binadamu katika maabara.

Watetezi hutaja moyo wa nguruwe aliopandikizwa David Bennett huko Maryland, Marekani, Januari 2022. Bennett alikuwa mahututi, bila njia nyingine. Alifariki miezi miwili baadaye, na ikabainika kuwa moyo huo ulikuwa na virusi vya nguruwe.

Mgonjwa wa mfupa hayuko katika hali hiyo. Mguu usiounga humnyima mtu riziki, lakini kwa kawaida haumnyimi uhai, na nyonga yake bado ipo. Isitoshe, virusi vikivuka havitaishia kwa mgonjwa aliyetia sahihi. Vinaweza kumfikia mkewe, wanawe na jirani zake, ambao hawakuulizwa.

Aidha, binadamu ana seli zake. Mnamo 2007, Shinya Yamanaka wa Japani na wenzake walizirejesha seli za ngozi ya mtu mzima katika hali ya seli shina. Njia hiyo ni ghali na ingali inachunguzwa, ila haimletei mgonjwa virusi vya mnyama.

Kwa hivyo, wanaotaka kutumia seli hai za mnyama wana wajibu wa kuthibitisha kwanza kwamba zinafanya kile ambacho mfupa uliosafishwa na seli za mgonjwa mwenyewe haviwezi. Tahadhari kabla ya hatari.