Heri Mguu Uende na Maumivu Yake

Mwenye mbwa akiambiwa na daktari wa mifugo kwamba mnyama wake amepatwa na saratani ya mfupa, na kwamba tiba ya kwanza inayostahili kufikiriwa ni kuukata mguu wenyewe, aghalabu hushikwa na fadhaa mbili kwa mara moja: fadhaa ya kusikia jina la maradhi ambayo hata yanapowapata wanadamu tumezoea kuyataja kwa sauti ya chini, na fadhaa ya kumwazia kiumbe aliyezoea kumlaki langoni akisimama mbele yake kwa miguu mitatu. Katika fadhaa hiyo wengi huomba muda wa kutafakari, na muda ukageuka juma, na juma likageuka mwezi, ilhali mnyama amejilaza kibarazani akilamba pahali palipovimba. Nasema bila kigugumizi kwamba kungoja huko, japo chanzo chake ni mapenzi, ndiko dhuluma kubwa kuliko zote anazoweza kutendewa mbwa mgonjwa. Na kwamba mwenyewe ana njia tatu za heshima mbele yake, na yoyote kati ya hizo ni bora kuliko kimya.

Yafaa kwanza maradhi yenyewe yajulikane. Saratani hii, ambayo matabibu huiita osteosakoma, ndiyo iliyo nyingi kupita zote zinazoanzia katika mifupa ya mbwa, kwani huhesabiwa kuwa takriban 85 katika kila 100. Huwaandama mbwa wenye maumbo makubwa, kama vile Rottweiler, Great Dane na German Shepherd, ambao tumewafuga kwa wingi ili watulindie nyumba, na ni nadra kumpata mbwa mdogo wa kienyeji. Huja zaidi baina ya umri wa miaka 7 na 10, ingawa baadhi huwapata wangali vijana wa miaka miwili au pungufu. Katika miguu ya nyuma hupenda kukaa karibu na goti, na katika miguu ya mbele hukaa mbali na kiwiko, ama juu karibu na bega, ama chini karibu na kifundo.

Ishara yake ya kwanza ni kuchechemea, na hapo ndipo ilipo hadaa yake. Watu wa nyumbani hudhani mbwa ameteguka aliporuka ukuta. Humkanda kwa maji ya moto, kisha humpa vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki vilivyosalia kabatini, wasijue ya kuwa dawa hizo za binadamu huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Kuchechemea hupungua siku mbili tatu, nyumba ikatulia, kisha hurudi kwa nguvu zaidi. Mbwa mkubwa wa makamo anayechechemea kwa majuma mawili bila ya nafuu, hasa akiwa na uvimbe mgumu karibu na kiungo, hahitaji kukandwa. Anahitaji kupigwa picha ya eksirei, na picha ikitia shaka, achukuliwe chembe za mfupa zikapimwe, kwa kuwa yapo maambukizo ya mfupa ambayo hujifananisha na saratani.

Ndani ya mfupa ulioingiwa na maradhi haya, seli za saratani hula upande mmoja na kujenga ovyo upande wa pili, hata mfupa ukawa mnene kwa nje na dhaifu kwa ndani, ukiuma mchana na usiku. Na hatimaye huweza kuvunjika kwa jambo dogo kama kushuka ngazi moja ya baraza, nao ukivunjika hivyo haushikani tena. Sharti niseme kweli yote, maana mwenye kuficha nusu ya habari huwa amemkosesha mwenzake haki ya kuamua: kukata mguu peke yake hakuponyi. Takriban mbwa 90 katika 100, siku wanapogunduliwa, huwa seli za saratani zimekwisha kusafiri mwilini, hasa mapafuni, hata ikiwa picha ya kifua haioneshi kitu. Mbwa aliyekatwa mguu bila tiba nyingine huishi kwa wastani miezi minne au mitano. Akiongezewa tiba ya kemikali, miezi 10 hadi 12, na takriban mmoja katika watano huifikia miaka miwili. Hesabu hizi ni za katikati, kwa maana nusu yao hupungukiwa na muda huo na nusu huupita, wala hapana daktari awezaye kumwambia mtu mbwa wake yu katika nusu ipi.

Ikiwa ndivyo, mtu atauliza, kukata kuna faida gani? Faida yake ni kwamba maumivu yamo mguuni, nao ukiondoka, maumivu hayo huondoka pamoja nao. Mbwa hahesabu miezi kama tunavyoihesabu sisi. Yeye hupewa siku, na swali la insafu ni siku hiyo ina usingizi, chakula na furaha kiasi gani, wala si zitakuwa siku ngapi.

Nililiona jambo hili kwa karibu hapa Tanga kwa jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya bandari, ambaye mbwa wake wa jamii ya German Shepherd, aitwaye Simba, alivimba juu ya goti la mguu wa nyuma wa kushoto. Daktari alipoiweka picha mbele ya dirisha ili nuru ipenye, tuliona mfupa wa paja uliokuwa na kingo safi kwa juu, na chini, karibu na goti, umeliwaliwa mithili ya ubao ulioingia mchwa. Mzee akauliza kama mguu hauwezi kuokolewa. Daktari, kijana wa umri wa kuwa mwanawe, akamjibu kwa adabu: “Mzee wangu, mguu huu haumbebi tena, yeye ndiye anayeubeba.” Kisha akampima miguu mitatu iliyosalia, akatazama picha ya kifua, na baada ya kuridhika ndipo alipoomba idhini ya kukata.

Simba alikatwa mguu akiwa katika usingizi wa nusukaputi, na kesho yake bibi wa nyumba alipitisha khanga kuukuu chini ya tumbo lake, akazishika ncha zake mbili juu ya mgongo, akamwinua taratibu. Mbwa akayumba, akatafuta mizani ya mwili wake, akaenda mwenyewe hadi kwenye bakuli la maji. Juma la kwanza lilikuwa zito, kwani paja lilivilia damu, maji yakakusanyika chini ya mishono, na usiku Simba alilia kwa namna iliyomfanya mzee aseme kwamba amemdhulumu kiumbe wa Mungu, ingawa daktari alikuwa amemtahadharisha mapema kwamba siku hizo huwajaribu wenye mbwa kuliko mbwa wenyewe. Mikeka ilitandikwa juu ya vigae ili asiteleze, chakula kikapunguzwa ili asinenepe, na baada ya majuma mawili nyuzi zikatolewa. Kwa muda alikuwa akijaribu kujikuna sikio la kushoto kwa mguu usiokuwapo. Kichwa kiliinama, na kigutu cha paja kikachezacheza chini ya ngozi bila ya kufika popote, hata mjukuu wa mzee akajifunza kumkuna pahali hapo kila amwonapo ameinama. Tiba ya kemikali hawakuimudu. Simba akaishi tangu masika hata vuli, akibweka langoni na kulala usingizi mzito ambao hakuwa nao alipokuwa na miguu minne. Na pumzi zilipoanza kumpaa kwa kuwa maradhi yalikuwa yamefika mapafuni, mzee hakusubiri ateseke, bali alimwita daktari nyumbani akamdunga sindano ya mwisho.

Wapo wasemao kwamba kumkata mnyama mguu ni kumtesa ili kumridhisha mwenyewe. Nawaheshimu kwa kuwa hoja yao imetoka katika huruma, lakini wanampa mbwa huzuni isiyokuwa yake. Aibu ya kilema ni jambo la wanadamu, na mbwa hanayo. Aidha, mwili wake umeumbwa kwa namna inayomsaidia: takriban sehemu 60 katika 100 za uzito wake hubebwa na miguu ya mbele, na 40 na ile ya nyuma, na ndiyo maana aliyekatwa mguu wa nyuma huipata mizani yake upesi, na hata aliyekatwa wa mbele, baada ya taabu ya kitambo, aghalabu hutembea, hukimbia na huogelea. Mbwa mwenye saratani, ambaye haukanyagi tena mguu mgonjwa, amekwisha kujifunza kutembea kwa mitatu kabla ya kisu kumgusa.

Wengine watauliza, katika pwani yetu hii ambayo wengi wa wakazi wake ni Waislamu wafuatao madhehebu ya Imam Shafii, kuna haja gani ya kumhangaikia mnyama ambaye ni najisi. Hukumu hiyo naijua na siipingi; lakini hukumu ya tohara humfundisha mtu namna ya kuosha chombo na nguo, wala haikumpa ruhusa ya kumwacha kiumbe hai aoze mguu uani kwake. Sheria hiyohiyo imeruhusu mbwa wa ulinzi, wa kuchunga na wa kuwinda. Surat al-Kahf imemtaja mbwa aliyefuatana na vijana wa pangoni. Na katika hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim, mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji katika kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi zake. Anayempenda mbwa na anayejiepusha naye wote wawili wamefungwa na wajibu mmoja wa rehema.

Iko hoja ya tatu, nayo ndiyo nzito kuliko zote: fedha. Haki iliyoje kumtibu mbwa, ilhali wapo watoto wa watu wanaokosa dawa? Jibu langu ni kwamba hapana mtu anayepaswa kuuza karo ya mwanawe ili kumkata mbwa mguu, na asiyekuwa na uwezo hana lawama. Lakini tusidhani kwamba maradhi ya mbwa hayatuhusu. Osteosakoma ndiyo iliyomfanya Terry Fox, kijana wa Kanada, akatwe mguu wa kulia mwaka 1977 akiwa na umri wa miaka 18. Naye mwaka 1980 alikimbia kilomita 5,373 kwa mguu mmoja na wa bandia ili kuchangisha fedha za utafiti, kabla ya saratani kumrudia mapafuni na kumwua mwaka 1981. Hadi leo maradhi hayo huwapata zaidi vijana walio katika umri wa kukua, na hufanana mno na ya mbwa. Madaktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado nchini Marekani, akiwamo Stephen Withrow, walipotafuta namna ya kuondoa mfupa mgonjwa wa mbwa na kuubakiza mguu, ujuzi wao ulisaidia upasuaji wa watoto.

Njia za heshima, basi, ni tatu. Ya kwanza ni kukata mguu, pamoja na tiba ya kemikali kwa mwenye kuimudu, na hiyo yafaa kwa mbwa ambaye viungo vyake vingine ni vizima na hakunenepa kupita kiasi. Umri peke yake haumzuii. Ya pili, kwa mbwa ambaye mwili wake hauwezi kuustahimili upasuaji, ni kumpa dawa za kutuliza maumivu zilizopimwa na daktari, pamoja na dawa za kuimarisha mfupa au mionzi pale zipatikanapo, huku mwenyewe akijua kwamba faraja hiyo ni ya muda mfupi na kwamba mguu waweza kuvunjika wakati wowote. Ya tatu ni kumlaza kwa sindano, bila ya maumivu, kabla siku zake hazijawa adhabu. Mwenye kuichagua njia ya tatu kwa kukosa fedha hakumsaliti mbwa wake, na mwenye kuichagua ya kwanza hakufanya israfu. Wote wawili wameyakomesha maumivu. Wahenga walituambia kuwa subira yavuta heri, na ni kweli kwa mwenye matumaini ya kupona. Lakini wao wao wakatuonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika maradhi haya lililo kweli ni onyo.

Mzigo huu, hata hivyo, usiwe wa wenye mbwa peke yao. Madaktari wetu wa mifugo, ambao kazi yao kubwa ni ng’ombe, mbuzi na kuku, wafunzwe vya kutosha katika vyuo vikuu vya Morogoro, Nairobi na Makerere namna ya kutuliza maumivu ya mbwa kabla na baada ya upasuaji, na wawezeshwe kupata dawa zenye nguvu kwa utaratibu wa halali, kwani kukata mguu bila dawa hizo ni ukatili kweli. Serikali nazo zikumbuke kwamba Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sura ya 360 ya sheria zake, na kwamba mateso yanayoweza kuondolewa yasipoondolewa yanaingia katika maana ya sheria hizo kama yanavyoingia mapigo ya fimbo.

Na wewe msomaji, ikiwa mbwa wako anachechemea juma hili, usimkande wala usimpe vidonge vya kabatini. Mpeleke apigwe picha. Na majibu yakiwa yale usiyoyataka, lia kadiri ya haja ya moyo wako, kisha muulize daktari maumivu yatakomeshwa lini na kwa njia ipi, wala usiondoke pale kabla hujapata jibu.