Wazo Chukua Bure, Mistari Yangu Lipa

Wasee, hii maneno ya "wameniibia wazo" imenichosha. Nairobi hii, mtu ana wazo la apu ya kuuza mboga, na kabla hajafungua mdomo anataka usaini mkataba wa kunyamaza. Wazo la mboga! Hakimiliki hailindi wazo, bana. Inalinda kile umeandika: mistari ya programu yenyewe.

Wakubwa walishapigana juu ya hii kitu. Mwaka wa 2010 Oracle ilinunua Sun, wenye lugha ya Java, na mwaka huohuo ikapeleka Google kortini. Kosa? Android ilikuwa imechukua karibu mistari 11,500 ya Java, ile inayotaja majina na mpangilio wa amri. Mistari ya kufanya kazi yenyewe, Google walijiandikia.

Fikiria namba za matatu. Ukiona 111 kwa kioo unajua hiyo ni ya Ngong, hata kama hiyo gari hujawahi kuipanda. Injini, rangi, muziki, kila sacco ijipange. Sasa sacco moja ikisema 111 ni mali yake, wengine watafute namba zao, nani anaumia? Abiria. Oracle walitaka kumiliki namba.

Kesi ilivutwa zaidi ya miaka 10. Aprili 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji 6 kwa 2, kwamba Google walitumia ile mistari kihalali. Swali la kama majina hayo yanaweza kumilikiwa, majaji waliliruka. Lakini kila msee anayejifunza programu kwa laptop ya kuazima alipata afueni siku hiyo.

Wizi wenyewe ndio huu sasa. Kampuni inakuita intavyu, inakupa testi: tengeneza ukurasa wa malipo, siku tatu. Unakesha, stima yako, data yako. Unatuma. Kimya. Hata "pole, hukupita" hakuna. Mimi nimefanyiwa hivyo mara mbili. Na ni walewale wa mkataba wa kunyamaza! Wazo lao ni siri ya serikali, kazi yako ni sampuli ya bure.

Na usingoje sheria ikuokoe ukiwa umelala. Kenya, programu inalindwa kama kazi ya maandishi, hata bila kuisajili. Lakini kazi ya kuagizwa inahesabiwa ya aliyeagiza, msipopatana vingine. Kwa hivyo kabla utume hiyo testi, andika kwa imeili: "Hii ni ya kupima uwezo wangu tu. Haki zote zimebaki kwangu. Mkitaka kuitumia, tuongee bei."

Wakikasirika, ushajua walikuwa wanatafuta nini, na hakikuwa mfanyakazi.

Wazo langu chukua, hata sasa hivi. Mistari yangu, lipa.