Kuku Ajitafutie, Nasi Tumwongezee

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wenzetu wa visiwani waijua methali hii, na kuku wa uani huishi kwayo: huparua, akaokota mchwa, majani na punje, bila kumgharimu mwenyewe hata senti. Lakini Mwanjelwa, jijini Mbeya, nyua zimebanana. Kuku aachiwaye kutwa huishia mtaroni au katika bustani ya jirani.

Je, tumfungie na kumlisha chakula cha dukani tu? La, hasha. Kuku wa kienyeji anayejitafutia hutaga yapata mayai 40 hadi 60 kwa mwaka; akilishwa kama kuku wa kisasa, gharama itayapita mapato. Linalofaa ni kumwachia atembee jioni, kisha kumwongezea pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa na chokaa kidogo.

Hatari imo guniani. Pumba zilizolowa huota ukungu, na ukungu huweza kuzaa sumukuvu, idhuruyo ini la kuku na hata kumfikia mla mayai. Tanzania Bara inayo sheria ya vyakula vya mifugo tangu mwaka 2010. Twawasihi maofisa wasingoje malalamiko: waende sokoni, wapime, na wauzao vibovu wawajibishwe. Unguja na Pemba nako chakula cha kuku hutoka Bara; gunia bovu likivuka bahari, hasara ni yetu sote.