Mpunguzie Mgongo Mzigo, Usiulaze Kitandani



Kila mavuno ya mahindi yakiisha, nyumba yangu hapa mtaa wa West Indies, Eldoret, hupata wageni. Ni jamaa na majirani wa zamani kutoka mashamba ya skimu, waliokuja mjini kutafuta dawa ya kiuno. Wengine huingia wameinama kama watu wanaotafuta sindano sakafuni. Wengine husema maumivu yaanza kiunoni, yapita takoni, yashuka nyuma ya paja hata kufika unyayoni. Ukiwauliza chanzo chake, jibu ni lile lile: gunia la kilo 90 lilibebwa na mtu mmoja.

Naona tunakosa kwa njia mbili. Mmoja akiumwa hulala kitandani juma zima akingoja kupona. Mwingine huuza ndama apate fedha za kuvutwa kiuno kwa mashine. Wote wawili wameelewa nusu ya jambo. Ni kweli kwamba mgongo unaouma wahitaji kupunguziwa mzigo. Lakini kupunguziwa mzigo si kulala kama gogo, wala si lazima kugharimu ndama.

Kwanza tufahamu jinsi mgongo ulivyo. Baina ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo, ambacho madaktari hukiita diski. Mtu akiinama na kuinua kitu kizito, mto huo hubanwa sana; akilala chali, hubanwa kidogo. Ukibanwa kupita kiasi waweza kutokeza nje na kuusonga mshipa wa fahamu uendao mguuni. Ndiyo sababu mguu huuma ingawa hauna jeraha lo lote. Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi wa namna hii hupata nafuu baada ya majuma kadhaa bila kupasuliwa, maadamu waendelee kujongea.

Sasa tuyatazame maji. Mtu akisimama katika maji yafikayo kiunoni, miguu yake hubeba karibu nusu tu ya uzito wake. Yakifika kifuani, hubeba karibu theluthi moja. Kwa hiyo mtu wa kilo 75 huwa kama mtu wa kilo 25, na mgongo wake hupumzika huku yeye anatembea. Huko Hévíz, nchini Hungary, daktari Károly Moll alianza mwaka 1953 kuwatibu wagonjwa wa mgongo kwa kuwaning'iniza wima ndani ya maji ya vuguvugu. Wewe huna haja ya kuning'inizwa. Ukipata bwawa safi la kuogelea lenye maji ya vuguvugu, tembea polepole kwa dakika 10, maji yakiwa kifuani, ukiwa karibu na ukingo na mwenzako akikutazama. Lakini nakusihi, usiingie mto Sosiani wala bwawa la ng'ombe. Maji yake ni baridi, chini kuna utelezi, na mtu mwenye maumivu ya mguu huzama upesi.

Je, asiye na bwawa afanyeje? Nyumba yake yatosha. Tandika mkeka na blanketi sakafuni, ulale chali, kisha uweke miguu juu ya kiti au sanduku hata magoti yapinde kama pembe ya meza. Kaa hivyo dakika 10 au 15, mara tatu au nne kwa siku. Ukiinuka, geukia ubavu kwanza, ujisukume kwa mikono. Kisha tembea mahali tambarare, na kila siku uongeze hatua. Maumivu yakirudi kutoka mguuni kuelekea kiunoni, hiyo ni dalili njema. Yakizidi kushuka unyayoni, acha zoezi hilo ukamwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Na ile mashine ya kuvuta? Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Halikushauri wagonjwa wavutwe wala wafungwe mishipi ya kiuno kama desturi. Lilishauri mafunzo na mazoezi. Basi mwache ndama wako akue.

Lakini zipo dalili ambazo hazingojei mkeka. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi baina ya mapaja, au mguu ukilegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukiwa na homa, jasho la usiku au kukonda, nenda ukapimwe vilevile, kwa maana kifua kikuu huweza kuingia katika uti wa mgongo, na ugonjwa wa brusela, upatikanao kwa kunywa maziwa mabichi, huleta maumivu ya kiuno pia. Ikilazimu, utapelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa Eldoret.

Namalizia na lile gunia. Kuna faida gani kumpunguzia mtu mzigo sakafuni jioni, na asubuhi kumtwika kilo 90? Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka mpaka wa kilo 50 kwa gunia. Ikiwa mchukuzi wa viazi alifikiriwa, mchukuzi wa mahindi ana kosa gani? Najua mtasema mnunuzi ataka gunia lake la 90. Mpeni magunia mawili ya 45. Mizani itasoma yale yale. Au libebeni watu wawili, au tumieni toroli na mkokoteni wa punda. Na mama achotaye maji kwa mtungi wa lita 20 akumbuke kwamba hizo ni kilo 20. Afadhali aende mara mbili kwa mitungi ya lita 10.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Skimu zetu zilipoanza mwaka 1962, wazee wetu walilipa ekari zao kwa jasho la migongo. Shamba laweza kukopewa mbegu na mbolea, lakini hakuna benki ikopeshayo mgongo. Basi shime, wakulima: msimu huu lipunguzeni gunia kabla halijawapunguza ninyi.