Mufasa Hakupona Kigugumizi

James Earl Jones alipofariki dunia tarehe 9 Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 93, simu yangu ilijaa rambirambi kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kulijua jina lake. Walichojua ni sauti. Wako walioijua kama ya Mufasa, baba yake Simba, katika The Lion King ya mwaka 1994. Wako walioijua kama ya mfalme wa Zamunda katika Coming to America, na wengine kama ile ya Darth Vader inayotoka chini ya kofia nyeusi. Karibu kila ujumbe ulibeba hadithi ileile: Mungu alimjalia kipaji cha sauti, utotoni akapatwa na kigugumizi, mwalimu mmoja akamtibu kwa shairi, akapona, akawa nyota.

Hadithi hii nimeisikia kwenye mahubiri, nimeisikia kwenye semina za vijana, na mwaka jana nilimsikia mgeni rasmi akiisimulia kwenye mahafali huku ukumbi mzima ukipiga makofi. Sikupiga. Jones hakupona kigugumizi. Na kile tunachokiita kipaji kilikuwa kazi ya mtu aliyepambana na kila neno tangu utotoni hadi uzeeni. Kumsimulia vinginevyo ni kumnyang'anya jasho lake, na ni kuwabebesha watoto wetu mzigo ambao yeye mwenyewe hakuwahi kudai kwamba aliutua.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1931 huko Arkabutla, Mississippi. Alipofikia umri wa miaka mitano hivi, babu na bibi yake wazaa mama walihama naye kwenda kulima Michigan, mbali kaskazini. Uhamisho ule ulimvuruga. Kigugumizi kikamkaba kiasi kwamba mtoto akaona heri kunyamaza, na kwa takriban miaka minane alikuwa karibu bubu. Aliongea na mifugo shambani, na nyumbani alitoa maneno machache ya lazima. Shuleni alijibu kwa kuandika kwenye karatasi. Sauti yake ilivunjika na kuwa nzito ndani ya kimya hicho, wala hapakuwa na mtu wa kuisikia.

Kisha akaingia shule ya sekondari ya Brethren, akamkuta mwalimu wa Kiingereza aliyeitwa Donald Crouch. Ilikuwa miaka ya vita, na serikali ilikuwa imesafirisha mabalungi kutoka Florida hadi Michigan, watu wakala matunda katikati ya baridi kali. Kijana akaonja balungi, akalipenda, akaandika shairi la kulisifu, kwa mizani iliyopimwa sawasawa. Crouch akalisoma. Akamwambia mbele ya wenzake kwamba shairi ni zuri mno, kwa hiyo kama kweli ni lake, asimame alikariri kwa kichwa. Kijana angeweza kukaa kimya na kuitwa mwizi wa maneno. Alisimama, akalisema lote kutoka mwanzo hadi mwisho, na ulimi haukukwama hata mara moja.

Hapo ndipo wasimuliaji wetu hupiga makofi na kufunga kitabu. Lakini kilichotokea darasani pale hakikuwa uponyaji, na kila anayeishi na kigugumizi analijua hilo.

Mwenye kigugumizi hakwami kwa sababu hajui la kusema. Neno analiona lote, limesimama mbele yake kama lori lililoziba njia. Wataalamu wanaeleza kwamba chanzo kiko katika namna ubongo unavyopanga na kuendesha usemi, na kwamba mara nyingi hali hii hupita katika familia. Woga hauleti kigugumizi, na wala hakina uhusiano wowote na akili ya mtu. Tena jambo moja linajulikana siku nyingi: mtu huyohuyo akiimba, akikariri kwa mizani, akisoma kwa pamoja na wenzake, au akiongea na mbuzi zizini akiwa peke yake, kigugumizi hupungua au hupotea kabisa. Akirudi kwenye mazungumzo ya kawaida, nacho kinarudi. Shairi lilimpa Jones njia ambayo ulimi ulikuwa umekwisha kuijua. Lilikuwa daraja, na Crouch alielewa hivyo, ndiyo maana hakuishia siku ile. Alimsomesha mashairi kwa sauti siku baada ya siku, akamwingiza kwenye mashindano ya kuzungumza mbele ya watu.

Haya siyasemi kwa kuyasoma tu. Shule ya msingi nilikaa dawati moja na kijana mwenye kigugumizi. Kila asubuhi mwalimu aliita mahudhurio, na kila aliyetajwa alitakiwa kuitikia "Nipo". Hiyo "n" ndiyo iliyokuwa adui yake. Yalipobaki majina matatu kabla ya lake, mkono wake ulishika ukingo wa dawati hadi kucha zikabadilika rangi. Jina likitajwa, kidevu kinasukumwa mbele, jicho moja linafumba, na inatoka n-n-n kama pikipiki inayokataa kuwaka. Darasa lilicheka. Nami nilicheka, na hadi leo sijajisamehe. Kuna siku mwalimu alichoka kungoja, akamwandika mtoro ilhali amesimama mbele yake.

Ikafika siku ya wazazi. Tuliandaa ngonjera, na yeye alikuwa kwenye kundi letu. Tulizisema beti kwa pamoja, na ubeti mmoja alipewa aseme peke yake. Maneno yalitiririka kama maji ya mfereji. Mama yake alikuwa amekaa safu ya pili, akajifunika uso kwa upande wa kanga. Jumatatu yake mwalimu wa darasa akamsimamisha. "Kumbe unaweza! Siku zote hizi unatuigizia!" Akachapwa viboko vinne mbele yetu. Tangu siku ile hakushika ngonjera tena, na ukimwita jina alinyanyua mkono tu, tayari kuchapwa kwa kutoitikia.

Crouch hakuwa na dawa ambayo mwalimu wetu aliikosa. Wote wawili waliona jambo lilelile: mtoto anayekwama kwenye maneno ya kawaida anatiririka kwenye mizani. Mmoja akasema, basi kesho uje tusome jingine. Mwenzake akashika fimbo. Na mwalimu wetu hakuwa katili kuliko wengine. Alikuwa anaamini wanachoamini wengi, kwamba kigugumizi ama unacho ama huna, na ukionekana umesema vizuri mara moja basi umepona, na usipoendelea hivyo ni kusudi.

Wanaoshikilia habari ya kipaji hunijibu kwamba baba yake, Robert Earl Jones, naye alikuwa mwigizaji, kwa hiyo ni damu. Baba huyo aliondoka kabla mtoto hajamjua. Walikuja kujuana James akiwa mtu mzima. Koo zito huenda alilirithi, sibishi. Wanaume wenye makoo mazito wako wengi, wako bandarini, sokoni na kwenye kwaya, na hakuna aliyewahi kufanya alichofanya Jones katika tamthilia ya King Lear.

Maana uigizaji aliufanyia kazi. Aliingia Chuo Kikuu cha Michigan akikusudia udaktari, akageukia maigizo, akapita jeshini, kisha akaenda New York kujifunza sanaa huku akifanya kazi za usafi ili aishi. Mwaka 1961 alikuwa katika The Blacks, tamthilia ya Jean Genet, pamoja na Cicely Tyson na Maya Angelou. Alicheza Shakespeare kwenye jukwaa la wazi la Joseph Papp, na hapo ndipo Stanley Kubrick, aliyekuwa amekuja kumtazama George C. Scott, alipomwona naye akampa nafasi ndogo katika Dr. Strangelove ya mwaka 1964. Mwaka 1968 alisimama Broadway katika The Great White Hope, akiwa bondia aliyechorwa kutokana na maisha ya Jack Johnson, Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Alipata tuzo ya Tony mwaka 1969, na filamu ya tamthilia hiyo, ya mwaka 1970, ikamfanya Mweusi wa pili, baada ya Sidney Poitier, kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Mwaka 1987 alipata Tony nyingine kwa Fences ya August Wilson, akiwa Troy Maxson, mzoa taka wa Pittsburgh mwenye uchungu wa ndoto iliyokufa.

Ukimsikiliza katika kazi hizo, sikiliza mwendo wake. Haharakishi. Huliweka neno, hulipa nafasi, ndipo huweka la pili. Wengi husema ni madaha ya sauti nzito. Mimi nasikia mtu anayejua kwamba silabi yoyote inaweza kumtega, na amejifunza kuipima kila moja kabla ya kuiachia. Maandishi ya tamthilia yalimfaa kwa sababu ileile ya shairi la balungi: maneno yamekwisha kupangwa, ulimi unaijua njia.

Hata Darth Vader anathibitisha hili, ingawa watu humtumia kuthibitisha kinyume chake. Katika Star Wars ya mwaka 1977 mwili ulikuwa wa David Prowse, Mwingereza. Jones aliingia studio kwa saa chache, akalipwa dola 7,000, akaomba jina lake lisiandikwe, kwa sababu aliona alichotoa ni sehemu ya ufundi wa mitambo tu. Yeye mwenyewe, mwenye sauti, aliijua tofauti ya kuazima koo na kuigiza. Sisi ndio tulioifuta. Hollywood nayo iliifuta: ilimfurahia miaka hamsini kama sauti, ikampa Oscar ya heshima mwaka 2011, na ile ya ushindani haikumpa kamwe.

Kuhusu kupona, tumsikilize yeye. Mwaka 1993 alitoa kitabu cha maisha yake, Voices and Silences, na kama jina lake linavyoonyesha, kimya alikiweka kwenye jalada sambamba na sauti. Katika mahojiano ya uzeeni hakukubali kusema amepona. Alisema anaishi nacho na anafanya nacho kazi, na kwamba inambidi achunge maneno anapozungumza. Huyo ni mzee mwenye Tony mbili, ambaye mwaka 2022 ukumbi mmoja wa Broadway ulipewa jina lake. Kama yeye hakusema amepona, sisi tumepata wapi ujasiri wa kumsemea?

Najua jibu litakalokuja, na nimeliheshimu muda mrefu kabla ya kulikataa. Watu husema: hadithi ya kupona inatoa tumaini, mwache mtoto aamini. Nimekaa na wazazi wanaosema hivyo, na nia yao ni njema. Lakini tazama tumaini hilo linavyofanya kazi. Takriban mtoto 1 kati ya 20 hupitia kigugumizi kwa muda fulani, na wengi hukiacha wanapokua. Kwa watu wazima hubaki takriban 1 kati ya 100. Sensa ya mwaka 2022 iliihesabia Tanzania watu milioni 61.7. Hata ukiwaondoa watoto wote, unabaki na mamia ya maelfu ya watu wazima ambao kigugumizi hakikuondoka na huenda hakitaondoka. Kila mmoja wao, tunapomsimulia kwamba Mufasa alishinda, anasikia swali ambalo hatujalitamka: wewe mbona hujashinda? Anadhani hakujitahidi, au hakuomba vya kutosha. Anaacha kuomba kazi inayohitaji usaili wa ana kwa ana, na kwenye kikao cha ukoo anamwachia mdogo wake aseme.

Wahubiri wanaompenda Jones humtaja pia Musa, na ni sawa wamtaje. Lakini wakisome vizuri Kitabu cha Kutoka. Musa alisema ulimi wake ni mzito. Hakuambiwa angoje kwanza ulainike. Alipewa Haruni wa kusaidiana naye, akatumwa kwa Farao na ulimi uleule.

Tumaini la kweli liko katika maisha ya Jones kama yalivyokuwa: mtu anaweza kuwa na kigugumizi hadi kaburini, na bado akawa miongoni mwa wasemaji wakubwa wa karne yake. Habari hiyo haimdai mtoto kitu chochote. Haimwambii abadilike ndipo apendwe.

Inatudai sisi, na tuna la kufanya kuanzia kesho asubuhi. Mwalimu, wakati wa mahudhurio mruhusu anayekwama anyanyue mkono, na ukimwandika yupo iishie hapo. Mpe shairi, mpe ngonjera, na akirudi kukwama kesho yake usimwite mwongo. Wewe unayesaili watu kazini, ongeza dakika tano kabla ya kuandika kwamba huyu hajiamini. Mzazi, acha kumwambia mwanao avute pumzi na aanze upya, maana anachosikia ni kwamba amekosea. Na mtu yeyote akikwama mbele yako, usimmalizie neno. Mtazame usoni, nyamaza, ungoje. Neno ni lake, na atalifikisha.